Mbwa ana cheti cha safari, lugha ya mtoto je?

Kitenzi 'hama' ni kifupi mno katika kamusi, lakini kina ukoo mkubwa. Kuna 'hamia', ambacho humwelekeza msikilizaji kule aendako mtu. Kuna 'hamisha', ambacho humtaja mwenye uwezo wa kuwaondoa wengine mahali walipo. Na kuna 'hamishwa', ambacho huwahusu wale wasioulizwa. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha minyambuliko hii kila mwaka, akaandika ubaoni kauli ya kutendea, ya kutendesha na ya kutendeshwa, kisha kengele ikalia na ubao ukafutwa. Leo ningependa tuuache ubao huo bila kuufuta kwa muda kidogo, kwa maana ndani ya minyambuliko hiyo mna kisa kizima cha familia za Kenya zinazofunga virago na kuelekea ng'ambo kutafuta maisha mapya. Baba na mama ndio wanaohama. Watoto wanahamishwa. Mbwa na paka, pale wanapochukuliwa, wanahamishwa vilevile.

Kwamba Wakenya wanahama si habari ngeni. Mnamo Julai 2021 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kuwaruhusu wauguzi na wahudumu wengine wa afya kwenda kufanya kazi huko. Mnamo Septemba 2024 ukafuata mkataba mwingine, uliotiwa sahihi mjini Berlin, wa kuwafungulia Wakenya wenye ujuzi milango ya Ujerumani. Fedha ambazo Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5 za Marekani, na hakuna zao letu la shambani, liwe chai, kahawa au maua, lililoliingizia taifa kiasi kama hicho. Walimu nao hawakubaki nyuma. Wapo wanaofundisha katika shule za umma za Marekani kwa viza za kubadilishana walimu, wapo walioko nchi za Ghuba, na wapo wahadhiri waliohamia vyuo vya Botswana, Rwanda na Afrika Kusini.

Hata hivyo, mhamaji wa leo hafanani na yule wa zamani. Kati ya 1959 na 1963, wakati Tom Mboya na wenzake walipopanga safari za ndege za kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani, msafiri alipanda ndege peke yake, sanduku moja mkononi, na nia yake ilikuwa kusoma, kuhitimu na kurejea kulijenga taifa. Anayehama siku hizi huuza gari na viti vya sebuleni, akakodisha nyumba au akaiuza, akamchukua mwenzi wake wa ndoa na watoto, na baadhi yao wakamchukua hata mbwa waliyemlea tangu akiwa kijibwa. Hatafuti shahada pekee. Anatafuta mtindo mwingine wa maisha: hospitali isiyomdai amana kabla ya kumtibu mtoto, basi linalofika kwa saa iliyoandikwa, mshahara unaomfikisha mwisho wa mwezi, na kitongoji ambamo mtoto anaweza kuendesha baiskeli hadi machweo.

Sikusudii kuwalaumu watu hao. Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, na katika nchi ambamo maelfu ya walimu waliohitimu na kusajiliwa na TSC wangali wanasubiri kuajiriwa, ni shida kumwambia mtu akae akingoja. Wala siungi mkono wale wanaodai kwamba kila anayevuka bahari ameisaliti nchi. Katiba yetu ya 2010 ilikwisha kulimaliza suala hilo ilipotamka kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, na kwamba mtoto wa Mkenya ni Mkenya hata akizaliwa ng'ambo. Uraia wa mtoto, basi, una ngome. Swali langu linahusu kitu ambacho hakina ngome yoyote, nacho ni lugha yake.

Hebu tutazame kwanza jinsi mbwa anavyohama. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza na Umoja wa Ulaya zinaziona kuwa salama kiasi cha kutosha kuhusu ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kwa sababu hiyo, mwenye mbwa anayetaka kumpeleka huko hana budi kumtia chini ya ngozi chipu ndogo ya utambulisho, kisha kumchanja dhidi ya ugonjwa huo akiwa ametimiza majuma 12 au zaidi. Baada ya chanjo husubiri siku 30 kabla ya kumtoa damu ya kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa, na tangu siku ya kutolewa damu husubiri miezi 3 mingine kabla ya safari. Aendaye Uingereza humpa pia mbwa wake dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Marekani nayo, tangu Agosti 2024, haimpokei mbwa asiyetimiza umri wa miezi 6 wala asiye na chipu. Juu ya hayo kuna cheti cha afya kutoka kwa wakuu wa matibabu ya mifugo kule Kabete, kuna kizimba cha vipimo maalumu, na kuna nauli ambayo aghalabu huipita ya bwana wake. Kwa ufupi, maandalizi ya mbwa mmoja huchukua miezi 4 kwa uchache, na familia nyingi huyaanza mapema zaidi.

Kasuku ana mambo yake. Yule wa kijivu, anayependwa kwa sababu ya kuiga usemi wa watu, aliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, na biashara yake baina ya mataifa ikapigwa marufuku. Hawezi kuvuka mpaka bila vibali vya pande zote mbili, kwa hiyo si ajabu akaachwa kwa nyanya. Huko atabaki akisema 'karibu' na 'hodi' kila mgeni afikapo, ilhali watoto waliomfundisha maneno hayo wako Manchester au Dallas, na haipiti miaka mingi kabla ya wao wenyewe kuyasahau.

Mzazi naye hujiandaa. Muuguzi anayekwenda Ujerumani hukaa darasani miezi mingi akijifunza Kijerumani, na mwenzi wake wa ndoa aghalabu hutakiwa kuonyesha kwamba anakijua kwa ngazi ya kwanza kabla ya kupewa viza ya kumfuata. Aendaye Kanada hufanya mtihani wa Kiingereza au Kifaransa na kupewa alama kulingana na ujuzi wake. Kila lugha ya kule waendako ina ada, mtihani na cheti. Lugha watokayo nayo haina hata karatasi moja. Katika orodha ndefu ya mambo ya kufanya kabla ya safari, tangu pasipoti na chanjo hadi sweta za majira ya baridi, ni nadra kumkuta mzazi aliyeandika: tutazungumza lugha gani mezani?

Wengi hawaliandiki kwa kuwa wanadhani jibu lake linajulikana. Husema kwamba mtoto hawezi kuisahau lugha ya wazazi wake, kwani iko damuni. La hasha. Lugha haiko damuni. Lugha ni mazoea, na mazoea yasiyotumiwa hufifia, hasa kwa mtoto aliyeondoka nyumbani kabla ya kubaleghe. Watafiti wa isimujamii wameonyesha mara nyingi, hasa katika miji ya Marekani, mtiririko ambao hujirudia kwa namna ya kutisha: kizazi cha kwanza huizungumza lugha ya kwao na kujifunza ya ugenini, cha pili huielewa ya wazazi lakini hujibu kwa ya ugenini, cha tatu hubakiwa na majina ya vyakula na matusi mawili matatu. Lily Wong Fillmore, aliyechapisha mwaka 1991 uchunguzi wake kuhusu familia za wahamiaji nchini humo, alieleza jinsi watoto waliotiwa mapema katika shule za Kiingereza walivyoacha kuzungumza lugha za nyumbani, na jinsi wazazi wasio na Kiingereza cha kutosha walivyokosa chombo cha kuwaonya, kuwafariji na kuwafunza adabu.

Habari njema ni kwamba mambo hayo hayaamuliwi na majaliwa. Mwaka 2007 mwanaisimu Annick De Houwer alitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusu familia zipatazo 1,900 katika eneo la Flanders nchini Ubelgiji, ambako Kiholanzi ndiyo lugha ya shule na ya mtaa. Pale ambapo wazazi wote wawili walitumia nyumbani lugha yao nyingine peke yake, karibu familia zote zilikuwa na watoto walioizungumza. Pale ambapo mzazi mmoja alitumia lugha hiyo na mwenziwe akatumia Kiholanzi, zilikuwa kama familia 3 kati ya kila 4. Na pale ambapo mzazi mmoja alichanganya lugha zote mbili huku mwenziwe akitumia Kiholanzi tu, zilisalia kama thuluthi moja. Mwalimu anayesoma tarakimu hizi ataona mara moja kinachotofautisha nyumba hizo. Watoto walikuwa wa nchi moja na mitaa ileile. Tofauti ilikuwa katika mazoea ya wazazi sebuleni.

Wala hatuna haja ya kwenda Ubelgiji kutafuta ushahidi, kwani Kenya yenyewe ni makumbusho ya lugha zilizohama. Wanubi waliletwa huku na jeshi la Waingereza wakiwa askari, wakapewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo Kinubi kingali kinazungumzwa nyumbani mwao baada ya zaidi ya miaka 100. Wahindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli ulioanza 1896, na wafanyabiashara waliokuwako kabla yao na waliowafuata, walikuja na Kigujarati, Kikachi na Kipunjabi, wakazilinda lugha hizo katika nyumba, maduka, mahekalu na misikiti. Baadhi ya jamii hizo ziliguria Uingereza katika miaka ya 1967 na 1968, kabla na baada ya sheria ya uhamiaji iliyopitishwa huko haraka haraka ili kuwazuia, nazo zikaondoka na Kiswahili cha jikoni. Hadi leo, ukiingia katika mikahawa yao London au Leicester, utauziwa 'mogo', yaani muhogo wetu, na utaletewa 'kuku paka'. Sufuria ni sufuria na fagio ni fagio katika Kigujarati cha watu hao. Lugha iliyotumiwa kila siku kwa mambo madogo ilivuka bahari mara mbili.

Tazama pia Oman. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaalika watu wenye asili ya huko warejee, familia nyingi zilihamia Muscat zikiwa na Kiswahili vinywani. Huko hawakukuta shule ya Kiswahili. Kiarabu ndicho kilichotawala darasani na ofisini. Ila walikuwa na arusi, misiba, mapishi, mizaha na mabibi waliokataa kujibu salamu isiyo ya Kiswahili. Kwa hayo Kiswahili kimesikika katika nyumba zao kwa zaidi ya nusu karne, ingawa vijana wa leo wanaelemea zaidi Kiarabu na Kiingereza. Joshua Fishman, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu namna ya kuziokoa lugha zinazopotea, alisisitiza jambo hilohilo: kitovu cha uhai wa lugha ni nyumbani, pale mzazi anapomrithisha mtoto, na shule pekee haiwezi kuchukua mahali pake.

Kuna kundi jingine ambalo tunaishi nalo na tunaweza kujifunza kwalo. Tangu Waitaliano walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti kule Ngomeni katika miaka ya 1960, wenzao wengi wamehamia Malindi na Watamu kutafuta jua na maisha yasiyo na haraka, wakaja na wake, waume, watoto na mbwa wao. Hawa hatuwaiti 'wahamiaji', neno ambalo tumeliweka kwa ajili ya maskini. Tunawaita wawekezaji, na babu zao wa nyanda za juu tuliwaita walowezi. Lakini tuliache suala la majina na tutazame walichokifanya. Waliofika Malindi hawakukiacha Kiitaliano Roma. Walikiandika katika vibao vya mikahawa, wakakizungumza ufuoni, hata vijana wetu wa Kigiriama na Kibajuni wakakijua kwa kukisikia tu. Itakuwaje Mwitaliano ahame na lugha yake hadi Malindi, wenyeji waifuate, naye Mkenya ahame na mbwa wake hadi Milano na kuiacha ya kwake uwanja wa ndege?

Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba wengi wetu tuliiacha kabla ya kufika uwanja wa ndege. Katika baadhi ya mitaa ya Nairobi mtoto huzungumziwa Kiingereza tangu utotoni, Kiswahili akakisikia kwa yaya na mlinzi, na lugha ya babu yake akaisikia mazishini. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba lugha ya eneo itumiwe kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza, na pendekezo hilo limerithiwa na mtaala wa sasa, lakini ziko shule nyingi ambako mzazi hulipa karo kubwa ili tu lisitekelezwe. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kibao hicho tumekivua shingoni mwa mtoto, tukakitia moyoni mwa mzazi. Mtu wa namna hiyo, akihamia ng'ambo, hapotezi lugha. Anamalizia kazi aliyoianza mwenyewe.

Ngũgĩ huyo huyo aliondoka Kenya mwaka 1982, akaishi Uingereza na Marekani hadi alipofariki Mei 2025, na katika miaka hiyo yote hakuacha kuandika kwa Kikuyu. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alipitia Dar es Salaam na London hadi Leipzig, ambako alikifundisha Kiswahili chuoni kwa miaka mingi. Wote wawili walihama kwa kulazimika, wakiwa watu wazima waliokwisha kukomaa katika lugha zao. Mtoto wa miaka mitano hana ukomavu huo. Yeye hutegemea alichofungiwa na wazazi wake katika mizigo.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha mbili au tatu humchanganya mtoto. Hoja hii huletwa hata na baadhi ya walimu wa ng'ambo, ambao humshauri mzazi mgeni aache lugha yake na kutumia ya darasani hata akiwa nyumbani. Utafiti hauiungi mkono. Mtoto anayekua na lugha mbili huzichanganya kwa muda, kama kila mtu mwenye lugha mbili azichanganyavyo, kisha huzitenga kulingana na anayezungumza naye. Sisi Wakenya hatupaswi hata kuambiwa jambo hili. Mtoto wa Kisii au Kakamega huenda sokoni kwa lugha moja, akacheza kwa nyingine na kufanya mtihani kwa ya tatu, wala hakuna daktari aliyemwona mgonjwa. Zaidi ya hayo, mzazi anayelazimika kumlea mwanawe kwa lugha asiyoimudu humpa mtoto makapi ya lugha hiyo na kumnyima nafaka ya ile aijuayo.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike, maadamu mtoto atafaulu maishani kwa Kiingereza au Kijerumani chake. Nao nitawajibu kwa mfano wa majina ya jamaa. Katika Kiswahili, ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Wa baba ni ami, au baba mdogo na baba mkubwa. Dada wa baba ni shangazi. Wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa. Kiingereza huwaweka wanaume wote hao katika neno moja na wanawake wote katika jingine. Sisemi kwamba asiye na neno 'mjomba' hawezi kumpenda ndugu ya mamake. Hilo litakuwa porojo, na wanaisimu tulikwisha kuonywa tusidai kwamba lugha huifunga akili kwa pingu. Nasema kwamba kila neno kati ya hayo lina haki na wajibu wake: nani huketi kikao cha posa, nani humwasa kijana aliyepotoka, nani huitwa kwanza msiba unapotokea. Mtoto asiyeyajua maneno hayo atafika nyumbani kwa likizo akute umati wa watu wanaomchekea, asijue ni nani anamdai heshima na ni nani anamdai utani. Nyanya atampapasa kichwa, atamwuliza jambo, na mtoto atamtazama mama yake ili amfasirie. Nyanya atatabasamu, ila baada ya hapo hatauliza tena mengi.

Kiswahili Sanifu hata kina sarufi ya ukaribu huu. Twasema 'mbwa wangu' na 'paka wangu', lakini twasema 'ndugu yangu', 'mama yangu' na 'rafiki yangu'. Wanafunzi hukosea hapa kila mwaka katika insha, na walimu husahihisha kwa kalamu nyekundu bila kueleza kwamba lugha imewatengea jamaa na marafiki upatanisho wao. Huko ng'ambo mbwa huhesabiwa kuwa mmoja wa familia, ana daktari, bima na kaburi. Sina ugomvi na hilo, maana mwenye kumhurumia mnyama hakosi kumhurumia mtu. Ninachoomba ni kwamba mtoto aendelee kujua kwa nini mbwa ni wake kwa 'wangu' na nyanya ni wake kwa 'yangu'.

Tusiwasahau pia wale walionyimwa hata nafasi ya kuhama pamoja. Tangu 11 Machi 2024, Uingereza iliwakataza wahudumu wapya wa wazee na wagonjwa kwenda na waume, wake au watoto wao, na tangu 22 Julai 2025 ikafunga kabisa kuwaajiri wapya wa kazi hiyo kutoka ng'ambo. Wasichana wetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani huenda peke yao. Watoto wa akina mama hao wamebaki kijijini kwa nyanya, lugha zote wanazo, lakini mama wanamsikia kwa simu. Mzazi aliyepata kibali cha kuhama na wanawe amepata kitu ambacho wengi wanakililia usiku. Akiwa nao chini ya paa moja, kisha asizungumze nao kwa lugha inayowaunganisha na waliobaki, atakuwa ameifuja bahati yake.

Basi tufanye nini? Kwa mzazi anayejiandaa kuondoka, nashauri kwamba siku ile anayompeleka mbwa kuchanjwa, siku hiyo hiyo aketi na mwenziwe waamue lugha ya nyumbani. Kama wote wawili ni wa lugha moja ya mama, waishike hiyo, na Kiswahili kifuate. Kama lugha zao ni mbili, kila mmoja aseme yake na Kiswahili kiwe daraja. Wasingoje wafike, kwani mtoto akizoea kumjibu babake kwa Kiingereza kwa mwaka mmoja, kumrudisha nyuma ni kama kuukunja mti mkavu. Katika mizigo watie vitabu vya hadithi vya Kiswahili na kamusi moja nzuri, hata kama itabidi kuacha jozi ya viatu. Simu ya nyanya iwe ya kila juma, naye nyanya asiwekewe mkalimani. Na kama mbwa ameandamana nao, mtoto na azungumze naye Kiswahili. Mbwa hacheki lafudhi ya mtu wala hasahihishi upatanisho wa ngeli. Hakuna mwenzi bora wa mazoezi kwa mtoto mwenye haya.

Wakenya waliokwisha kufika huko wana wajibu wao pia. Hukutana mara kwa mara kwa michango ya mazishi, kwa sala na kwa nyama choma. Saa moja ya kila mkutano ikitengwa kwa ajili ya watoto, mmoja wao akiwa mwalimu, darasa litakuwa limepatikana bila gharama. Serikali nayo isikae ikihesabu dola zinazotumwa tu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi wake, na hakikusema kwamba wajibu huo huishia katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ofisi zetu za ubalozi zina kumbi ambazo Jumamosi huwa tupu. UNESCO imeipa lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai, na kila mwaka mabalozi wetu huiadhimisha kwa hotuba. Madarasa ya watoto yangekuwa maadhimisho yenye manufaa zaidi.

Kwenu walimu, nina ombi. Katika kila darasa lenu yuko mwanafunzi ambaye wazazi wake wanasubiri viza, na pengine hajawaambia wenziwe. Mfundisheni Kiswahili kama mtu atakayekihitaji akiwa mbali nacho: asome kwa ajili ya kufurahi, aandike barua, asimulie, atanie, asalimu. Aliyekijua Kiswahili kwa ajili ya kujibu maswali ya KCSE peke yake atakiacha pamoja na sare ya shule. Nanyi wanafunzi mtakaohama au kuhamishwa, msingoje wazazi wawakumbushe. Andikeni daftari la methali za babu zenu na majina ya jamaa zenu kwa lugha ya kwenu, kisha litieni katika mfuko wa mkononi. Halihitaji chanjo wala cheti, na hakuna afisa wa forodha atakayewazuia nalo.